Nimemaliza uuguzi ISTM Lubumbashi: kazi ya kwanza niitafute wapi?

Binti wa Katuba aliandika:

Jambo wakubwa wangu. Baba mdogo wa Liège, Ubelgiji, ndiye aliyeniingiza katika kundi hili, naomba mnipokee. Nimemaliza uuguzi ISTM, chuo cha ufundi wa tiba hapa Lubumbashi, staji zangu (mafunzo ya vitendo) nyingi zilikuwa hospitali ya Sendwe. Hali ya kazi mjini mnaijua: unaanza bila mshahara, unangoja matrikule ya leta, namba ya mtumishi wa serikali, miaka na miaka, na huku unaishi kwa prime (posho) ndogo, tena ikiwa wagonjwa wamelipa. Baba mdogo anasema nije Ubelgiji, eti wauguzi wanatafutwa sana. Halafu kuna bwana mmoja hapa anayesema nikimpa dola 3,500 atanipatia mkataba wa Uingereza. Nauliza tu: mtu akifika huko anaanza uuguzi mara moja? Na karatasi gani nibebe? Aksanti mingi.

Mama Charleroi alijibu:

Pongezi binti yangu, na karibu. Nakuandikia kirefu kwa sababu swali hili linarudi humu kila mara, na majibu ya mistari miwili ndiyo yanayowamalizia watu pesa.

Kuanza mara moja, hapana. Ni kweli wauguzi wamepungua Ubelgiji, na kazi yao imo katika orodha ya kazi zinazokosa watu. Lakini diploma ya nje ya Ulaya lazima ipate ekivalansi kwanza, yaani itambuliwe kuwa sawa na ya huku. Upande wa Kifaransa faili linapelekwa Fédération Wallonie-Bruxelles, serikali ya Wabelgiji wa Kifaransa. Wanaolisoma hawataki kujua kama unaweza kupata mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji, usiku, umeme umekatika. (Sisi tumeyajua hayo, na hakuna karatasi inayoyasema.) Wao wanahesabu saa. Agizo la Ulaya la 2005/36 linadai muuguzi awe amesoma miaka isiyopungua mitatu na saa zisizopungua 4,600, angalau nusu zikiwa kwa wagonjwa na angalau theluthi zikiwa za nadharia. Tena Wabelgiji wa Kifaransa wamepandisha zaidi: tangu 2016 wanafunzi wao wanasoma miaka minne. Kwa hiyo uwe na graduat, diploma ya mfumo wa zamani, au lisansi ya mfumo mpya wa LMD, miaka yako mitatu inafika huku na pengo, hata kama ulikuwa wa kwanza darasani.

Sasa ninavyoona mimi, kazi ya Ulaya unaanza kuitafuta hapo hapo, kwenye dirisha la aparitora, ofisi ya chuo inayotunza karatasi za wanafunzi. Releve zetu, karatasi za matokeo, zinaonyesha pointi. Saa mara nyingi hazipo, au zipo nusu nusu. Omba programu ya masomo ya kila mwaka, kozi kwa kozi, saa za nadharia mbali na saa za vitendo mbali, mhuri kwenye kila ukurasa na si ule wa mwisho tu. Kisha omba cheti cha staji kinachotaja kila wodi na saa ulizofanya: tiba ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, magonjwa ya akili, wazee, uuguzi wa nyumbani. Hizo ndizo sehemu zinazotajwa katika agizo lile, na mafaili ya kwetu niliyoyaona huangukia kwenye hizo tatu za mwisho. Mtoto wa Lubumbashi ameona uzazi na malaria mpaka ametosheka, lakini nani alimpeleka staji ya wazee? Wazee wetu wanauguzwa nyumbani na wajukuu. Kama ulipita kwa wagonjwa wa akili hata wiki chache, iandikwe. Na kijitabu cha staji chenye sahihi za washefu wa wodi usikiache shuleni. Shefu huhamishwa, mwingine hufariki, na atakayekuja baada yake hawezi kutia sahihi kwa kazi ambayo hakuiona.

Uyafanye hayo ukiwa ungali hapo, kwa miguu yako. Ukishafika huku utamtuma binamu. Binamu ataambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu mwenye mhuri yuko Kinshasa. Jumatatu nyingine binamu anaomba pesa ya taksi na simu yake haipatikani tena.

Kuna vitu viwili vinavyoonekana vidogo. Diploma usiitie plastiki. Najua kwetu ikitoka tu inakimbizwa kuplastifiwa ili mvua isiiharibu, baba anaitundika sebuleni. Lakini mihuri ya kuthibitisha hupigwa nyuma ya karatasi yenyewe, na plastiki haishiki mhuri. Kongo haimo katika mkataba wa apostili, ule wa nchi zinazokubaliana mhuri mmoja, ndiyo maana karatasi inapita Wizara ya Mambo ya Nje kisha ubalozi, na kila mmoja anatafuta mahali pa kugonga.

Cha pili ni postnom, lile jina la ziada tunalobeba kwetu. Sisi tuna majina matatu, fomu za huku zina nafasi mbili. Diploma ya Serikali, ile ya sekondari, ikiwa na majina matatu, ya ISTM mawili, na paspoti imegeuza mpangilio, kwa karani wa huku hao ni watu watatu tofauti. Linganisha herufi kwa herufi kabla hujaomba paspoti, kwa sababu baada ya hapo kila sahihisho lina bei yake.

Wengi wetu tunapewa ekivalansi ya sehemu: wanakwambia umebakiza nini, unajiandikisha haute école (chuo cha huku), unamaliza, ndipo unapata ruhusa ya kufanya kazi ya uuguzi. Hapo unakuja na visa ya mwanafunzi. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo usifikiri utalipa nyumba, chakula na shule kwa mfuko wako peke yako. Baba mdogo akikusainia ile karatasi ya udhamini, aneksi 32, aisome mpaka chini. Inamfunga kulipa gharama zako za kuishi, za matibabu, hata za kurudishwa nyumbani. Ndugu wamenuniana kwa ajili ya karatasi hiyo. Visa ya matembezi usiiguse. Haikupi haki ya kufanya kazi.

Na kazi ya kwanza yenyewe? Mara nyingi ni ya msaidizi wa wauguzi, katika nyumba ya wazee. Hata hiyo ina kibali chake. Mwanafunzi wa uuguzi aliyefaulu mwaka wa kwanza huku anaweza kukiomba. Hapa naomba unisikilize vizuri. Kwetu muuguzi anatundika dripu, anachoma sindano, anaandika kwenye fishi ya mgonjwa. Kumwosha mgonjwa ni kazi ya garde-malade, mama au dada anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda na sufuria ya bukari pembeni. Huku garde-malade hayupo. Saa moja asubuhi unapokea ripoti, halafu unaingia chumba kwa chumba: unamwosha mzee uso kwanza, unabadilisha maji, unamgeuza ubavu, unakausha katikati ya vidole vya miguu, unamvalisha soksi za kubana ambazo zitakuvunja kucha. Nimewaona watoto wa kwetu wenye diploma ya uuguzi ya A1 wakilia chooni, wakidhani wameshushwa. Mimi siuoni huko kuwa ni kushushwa. Wekundu wa kwanza pale mwisho wa uti wa mgongo, kabla haujawa kidonda, nani atauona kama si yule anayeosha? Wabelgiji wanakupima hapo hapo, na shefu wa wodi anayekuona unaosha vizuri ndiye atakayekuandikia barua nzuri.

Kaka wa Leeds alijibu:

Mama amesema yote ya Ubelgiji, mimi naongeza la huyo bwana wa dola 3,500. Dada, usimpe hata franga. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watu wa afya. Ile ya 2023 ina nchi 55, na Kongo yetu imo. Kanuni za Uingereza zinakataza waajiri na mawakala kwenda kutafuta wauguzi katika nchi hizo. Wewe mwenyewe ukiona tangazo ukaomba moja kwa moja, hilo linaruhusiwa. Na sheria ya hapa hairuhusu wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Kwa hiyo huyo anauza nini hasa?

Akibadilisha wimbo akasema ni mkataba wa kutunza wazee, siyo uuguzi, mwambie mlango huo kwa walio nje ya nchi umefungwa tangu 22 Julai 2025. Visa ya wauguzi bado ipo.

Njia ya kweli inapita NMC, baraza linalosajili wauguzi wa Uingereza: wanathibitisha diploma yako na usajili wako wa nyumbani, unafanya mtihani wa kompyuta, ukifika unafanya OSCE, mtihani wa vitendo wenye vituo ambapo unaongea na "mgonjwa" wa kuigiza huku msahihishaji anakutazama. Mimi OSCE nililipa pauni 794. Lakini kabla ya yote kuna Kiingereza: mtihani wa IELTS, pointi 7 katika kusoma, kusikiliza na kuongea, 6.5 katika kuandika. Usidanganyike na Kiingereza cha mpakani Kasumbalesa, kile cha kupunguza bei ya unga. Kama umesoma kwa Kifaransa maisha yako yote, hiyo ni kazi ya mwaka mzima au zaidi, na mimi ningekushauri ubaki kwenye lugha unayoijua. Ufaransa nako usikimbilie: diploma ya nje ya Umoja wa Ulaya haikupi ruhusa ya uuguzi, unarudi shule, ingawa wanaweza kukusamehe sehemu ya masomo.

Papa Kolwezi alijibu:

Watoto wangu, mnamtoa mtu nyumbani kabla hajachoma sindano yake ya kwanza ya mshahara. Mimi niliishi Mons, nimerudi, nasema ninachokiona. Mgodi huku Kolwezi una zahanati, na wakandarasi wake wanaajiri wauguzi pia. Mshahara si wa Ulaya lakini unafika kwa tarehe. Binti aanze na Ordre des infirmiers, chama cha kisheria kinachosajili wauguzi Kongo. Ordre ipo kisheria tangu 2016, na namba yake hata huko Leeds watamuuliza. Afanye kazi, ajifunze kuandika ripoti, aweke pesa yake mwenyewe ya faili. Atakayekuja Ulaya na karatasi ya mwajiri haongei kama anayekuja mikono mitupu. Tena akizoea hapa, huenda asije kabisa, na hilo pia si baya.

Mama Charleroi alijibu:

Papa, hapo sikupingi. Ninachosema mimi, karatasi za shule azichukue sasa, aende Kolwezi nazo tayari. Mwajiri anaweza kungoja, aparitora haingoji mtu.

Binti wa Katuba aliandika:

Aksanti wakubwa. Yule bwana nimeshamwambia sina pesa, amenuna. Kesho naenda ISTM kuulizia programu yenye saa. Swali moja: shemeji wa jirani anapanda ndege kuja Brussels wiki ijayo. Nimpe diploma na releve zangu akuletee Mama?

Mama Charleroi alijibu:

Usimpe! Karatasi asilia haisafiri katika mzigo wa mtu mwingine. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, kwa rangi, mchana karibu na dirisha, unitumie kwa anwani yangu, si humu kwenye kundi. Nitakusomea nikwambie saa zipi zimekosekana, ili urudi aparitora mara moja na orodha mkononi. Na nikikuta jina lako halilingani mahali popote nitakupigia simu, hata ikiwa usiku.