Ottawa watoe piki yao leo usiku au wasubiri mwakani? Njooni tujadili

MzeeWaKanata
Wadau habari za huko. Jana lotari ya drafti ya NHL ya 2025 imechezwa, ile ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada, timu ya Islanders wametoka nafasi ya 10 wakaruka mpaka ya kwanza kwa nafasi ya asilimia 3.5 tu, hongera zao, lakini mimi usingizi umenikata kwa jambo jingine. Kwa wasiofuatilia hoki ya barafu, timu yetu ya Ottawa ilipigwa adhabu Novemba 2023, ikaambiwa itaachia piki moja ya raundi ya kwanza ila mwaka ichague yenyewe, 2024, 2025 au 2026, na kila mara itoe jibu ndani ya saa 24 baada ya lotari. 2024 tulikuwa nafasi ya 7 tukagoma kutoa, tukamchukua kijana Yakemchuk, hapo sina neno. Mwaka huu tumeingia pleiofu, yaani hatua ya mtoano, mara ya kwanza tangu 2017 kwa hiyo piki yetu ni ya 21. Mimi nasema TOA. Toa hii ya 21 yaishe tulale. Mwakani hakuna kuchagua tena, tukishika mkia tunakabidhi piki ya juu kabisa na yule dogo McKenna anayetajwa kuwa wa kwanza kuchaguliwa 2026 tunamwona kwenye tivii. Mnasemaje?

Kiduku255
Mzee shkamoo. Nimefungua nikijua ni bodaboda. Piki ya 21? Kijiwe chenu kina piki ngapi?

MzeeWaKanata
Marahaba. Piki ni zamu ya kuchagua vijana chipukizi kwenye drafti, timu dhaifu inaanza, timu kali inangoja mwisho, ila lotari inaweza kupangua zamu za juu. Hakuna bodaboda hapa.

Kiduku255
Basi nimeelewa na jibu ninalo. Mimi nina Boxer mpya na TVS ambayo kila asubuhi naisukuma mtaa mzima ndo iwake. Mgambo akiniambia nitoe moja ila nichague mwenyewe, nampa TVS na mafuta namwekea. Mnajadili nini sasa?

Hesabu_Tu
@Kiduku255 mfano wako mtamu ila una tundu. Wewe piki zote mbili unaziona hapo uani. Ottawa wanaiona moja tu, hii ya 21. Ya mwakani bado ipo kiwandani, inaweza kuja Boxer au ikaja baiskeli. Mfano mzuri upo tayari, timu ya New Jersey Devils. 2010 walimpa mchezaji Ilya Kovalchuk mkataba wa miaka 20 ili kuzunguka ukomo wa mishahara, ligi ikaukataa, ikawapiga faini na ikawanyang'anya piki ya raundi ya kwanza, nao wakaambiwa wachague mwaka ndani ya drafti nne. 2011 walikuwa nafasi ya 4, wakamchukua Adam Larsson, sawa. 2012 wakafika fainali, piki ikawa ya 29, kila mwenye akili akasema haya toeni sasa, meneja wao Lamoriello akaikumbatia akamchukua Stefan Matteau. 2013 ya 9 wakaipeleka Vancouver wamlete kipa Cory Schneider, na Vancouver kwa hiyo 9 wakampata Bo Horvat. Ikabaki 2014 hawana pa kukimbilia. Piki ya 29 ndo TVS yako ya kusukuma, na hawakuitoa.

Papa_Bukavu
Miaka 17 ndugu yangu, si 20. Miaka 17, dola milioni 102, mpaka mutu afikishe miaka 44. Kama unaitwa Hesabu, hesabu vizuri. Na umekata hadithi mahali inakusaidia. Mwezi wa tatu 2014 ligi ikawahurumia Devils, ikawapa piki ya 30 na faini ikashuka kutoka milioni 3 mpaka 1.5. Kwa nini? Kovalchuk alikuwa ameenda Urusi 2013 ameacha milioni 77 mezani, na timu ilikuwa imenunuliwa na batu bengine. Ottawa nayo imeuzwa, huyu Andlauer amenunua Septemba 2023, kosa lilifanyika yeye hayuko. Kwa hiyo anayesubiri anaweza kuhurumiwa, anayetoa leo hakuna atakayemurudishia. Miye niko Montreal, sina faida yoyote Ottawa ikipona, lakini kweli ni kweli.

Hesabu_Tu
17, sawa, nimekosea, asante. Lakini hoja haibadiliki hata kidogo na hilo neno "unaitwa Hesabu" halikuwa na haja. Huruma yenyewe ilikuwa ipi? Zamu yao ilikuwa ya 11 wakasukumwa mpaka ya 30, wakamchukua John Quenneville. Kushuka hatua 19 unaita huruma? Wangetoa ile 29 ya 2012 wangemkosa Matteau peke yake na 11 wangebaki nayo.

Shangazi_Mvita
Mimi niko Toronto na ni Leafs damu, timu ya hapa, nimepita tu kuwapa pole majirani. Mwanangu wa Kanata, mnahangaika na piki ya 21 wakati sisi tumewafunga michezo minne kwa miwili na sasa tunacheza na Florida. Toeni msitoe, mtu anayelia barafuni machozi yanaganda bure.

MzeeWaKanata
Shangazi nakuheshimu ila hilo limenikera. Mchezo wa 6 nilikuwa kazini na teksi yangu, Pacioretty alipotufunga kipindi cha tatu nilisikia redioni nikiwa kwenye foleni ya kuingia uwanjani kupakia. Nikapakia mashabiki wanne wa Leafs, jezi za buluu, wakaimba kutoka Kanata uwanja ulipo mpaka katikati ya mji, mmoja anapiga ngoma kwenye kiti changu cha mbele, na bakshishi hawakutoa. Kwa hiyo usiniambie habari za machozi. Na kombe lenu la mwisho ni 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Mwalimu ametangaza Ujamaa mwaka ule ule mliobeba kombe, Ujamaa umekuja umeondoka nyie bado mnasubiri.

Shangazi_Mvita
🤣🤣 Hiyo ya Azimio nimeikubali. Lakini bakshishi si mimi niliyekunyima yakhe.

Kiduku255
Hebu niulize kwa nia njema. Mzee wa Tanga, shangazi wa Mombasa, papa wa Bukavu, nyie wote barafu mmeijulia wapi? Sisi huku barafu ni ya samaki Feri na ile ya kwenye kijuisi cha mia mbili. Mswahili na hoki ya barafu ni kama ngamia na pantoni, anaweza akapanda lakini kila mtu anamwangalia.

PuckNairobi
Sasa hapa umenigusa boss. Wacha nikuambie kitu, kuna timu inaitwa Kenya Ice Lions, inafanya mazoezi hapa Nairobi kwa ile rinki ya hoteli ya Panari, Mombasa Road. 2018 walipelekwa Canada kwa tangazo la Tim Hortons, wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, si picha ya kubandika, walicheza nao kwa barafu. Na Septemba 2024 Kenya iliingia shirikisho la dunia la hoki ya barafu kama mwanachama mshiriki. Tanzania mko wapi? Feri na samaki.

Mimi nilianza na glavu za mpira za kuosha vyombo, jeans mbili moja juu ya ingine. Unaanguka, jeans inalowa, inakuwa ngumu kama mbao, ukitoka nje ni jua la saa nane na matatu zinapiga honi, watu kwa steji wanakuangalia unatoa moshi kwa magoti kama sufuria. Hiyo hujapata kwa samaki.

Kiduku255
Timu iko mkahawani sasa nayo ni timu? Mpaka muombe ruhusa ya wahudumu.

PuckNairobi
Ni HOTELI. Na ni ndogo kuliko uwanja wa kawaida, hiyo sijaficha, ndio maana tunapiga pasi fupi kuliko wengine. Nyinyi hata dabi ya Machi 8 imewashinda kuicheza na uwanja mnao.

Kiduku255
Ohoo. Usiguse dabi. Simba walizuiwa kufanya mazoezi Mkapa usiku wa kuamkia mechi, kanuni inawaruhusu, wakasema hawachezi. Hapo kosa la nani?

Hesabu_Tu
Yanga walifika uwanjani, timu nzima, mashabiki ndani. Nani hakufika? Mechi ikaahirishwa na Bodi badala ya kutoa pointi tatu. Mimi sina upande ila asiyefika uwanjani hana hoja.

Kiduku255
"Sina upande" 😂😂 utopolo huyu hapa amejificha kwenye drafti ya barafu.

MzeeWaKanata
Jamani!! Nimebaki na saa tano. Dabi mkaijadili kwingine. Hesabu wewe ndo mwenye akili ya namba, uko upande wangu au hauko? Tunatoa au hatutoi?

Hesabu_Tu
Nilikuwa nawe asubuhi. Sasa sijui. Nimekumbuka jambo la Duchene. Novemba 2017 Ottawa walimchukua mchezaji Matt Duchene kwa kuahidi timu ya Colorado piki ya raundi ya kwanza, na wakawa na ruhusa kwamba ya 2018 ikiwa ndani ya kumi bora wanaweza kuishika na kutoa ya 2019. 2018 ikatoka ya 4. Maswali yalikuwa haya haya, toa sasa au mwakani? Wakashika, wakamchukua Brady Tkachuk. Msimu uliofuata wakashika mkia ligi nzima, yaani lile unaloliogopa ndilo lililotokea, lotari ikaishusha mpaka ya 4 na Colorado wakamchukua Bowen Byram, naye 2022 akabeba kombe.

MzeeWaKanata
Si ndo hilo nasema! Tulishika mkia na piki si yetu. Baridi nyuzi 25 chini ya sifuri, unapeleka watu kuangalia timu inafungwa, na hata kufungwa kwenyewe hakuna faida. Ule msimu sitaki kuusikia.

Hesabu_Tu
Ila Tkachuk ndo nahodha wako leo. Ungempa Colorado?

MzeeWaKanata
...

Papa_Bukavu
Mzee amenyamaza. Njo vile. Batu ba Ottawa banapenda kuogopa kesho, lakini kijana wa leo unamushika mukononi.

Shangazi_Mvita
Hebu mnieleze, hiyo adhabu yenyewe walifanya nini? Maana nasikia Dadonov Dadonov tu.

MzeeWaKanata
Ni kama kuuziwa kiwanja Kigamboni shangazi. Dadonov ni mchezaji, kwenye mkataba wake alikuwa na orodha ya timu 10 ambazo hataki kupelekwa. Julai 2021 Ottawa wakamuuza Vegas na habari ya orodha haikufika inavyotakiwa. Machi 2022 Vegas nao wakamuuza Anaheim, kumbe Anaheim imo kwenye orodha, ligi ikafuta biashara yote. Muuzaji wa kwanza alijua kiwanja kina mgogoro akakaa kimya au alisahau karatasi, yote sawa. Adhabu ilipotoka Novemba 2023 meneja Dorion akaondoka siku hiyo hiyo, na tajiri mpya akabaki na deni la mtu mwingine.

Shangazi_Mvita
Sasa hapo mimi nawaonea huruma kidogo. Kidogo tu. Mwenye kosa ameshaondoka, anayelipa ni kitoto cha miaka 18 ambacho hakijachaguliwa.

PuckNairobi
Na bado sijajibiwa, nani alisema Panari ni mkahawa?

Kiduku255
Mimi. Na nasimamia hapo.

Papa_Bukavu
Ligi ingekuwa na akili isingewapa kuchagua. Timu ya Arizona walipowapima vijana kabla ya drafti kinyume cha sheria walinyang'anywa ya raundi ya pili 2020 na ya kwanza 2021, hakuna kuulizwa munataka lini. 2021 ilipofika zamu ya 11 ikarukwa tu, 10 halafu 12. Adhabu ya kujichagulia siku ni kama mutoto kuchagua fimbo.

MzeeWaKanata
Mtoto akichagua fimbo anachagua ndogo. Ya 21 NDIYO fimbo ndogo. Mimi nimemaliza, naenda zamu.

MzeeWaKanata
Nimerudi, najua ni wiki nyingi zimepita. Drafti imefanyika jana Los Angeles. Ottawa hawakutoa kama mjuavyo. Ya 21 wakabadilishana na Nashville, wakashuka mpaka 23 na kuongezewa ya 67, na kwa 23 wamemchukua beki Logan Hensler wa chuo cha Wisconsin. Sasa imebaki 2026 peke yake. Yaani msimu mzima nitakuwa naomba timu ishinde kwa hofu, siyo kwa raha. Shangazi hajambo? Nasikia mchezo wa 7 na Florida ulikuwa 6-1, tena nyumbani.

Shangazi_Mvita
Sijambo. Sitaki maneno.

Hesabu_Tu
Kupata 23 na 67 kwa 21 si biashara mbaya. Ila ukiniuliza bado nasema sijui.

Kiduku255
PuckNairobi upo? Mwezi ujao nakuja Nairobi kufuata mzigo. Viatu vya barafu vinakodishwa au mtu anakuja na vyake?

PuckNairobi
Vinakodishwa. Kuja na soksi nene na jeans mbili. Glavu nitakuazima zangu za vyombo.