Askari wa kigeni wakija kutusaidia, amri itoke kwa nani?

Bandugu ba Goma, tuongee hii maneno bila kutukanana. Novemba 2022 Wakenya walipofika hapa kwa jina la EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki, watu walijua wamekuja kupiga waasi wa M23, na Kinshasa nayo ilijua vile, kumbe kamanda wao Jenerali Jeff Nyagah anasema siasa kwanza, vita baadaye kama mengine yote yameshindikana. Desemba M23 wakakabidhi Kibumba mbele ya makamera, picha nzuri, lakini mama aliyekimbia Kibumba aliendelea kulala kambini Kanyaruchinya chini ya shitingi, juu ya mawe ya volkano, na watoto wanakohoa. Februari 2023 kule Bujumbura, rais Tshisekedi akamuambia Nyagah asipendelee M23. Hapo njo inaniuma sana: rais wa nchi anamuomba jenerali wa wengine, kwa udongo wetu!

Angalieni Ufaransa. Mwaka 1966 rais wao de Gaulle alikataa askari wake wawe chini ya amri ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ambayo jenerali wake mkuu ni Mmarekani tangu 1951, akaondoa jeshi lake chini ya ile amri, askari wa kigeni wakatoka Ufaransa, makao makuu yakahamia Ubelgiji. Na muungano wenyewe hakuuacha.

Jibu: Mukubwa, de Gaulle alikuwa na bomu la atomiki, sisi tuko na nini? 2013 brigedi ya ONU, Umoja wa Mataifa, iliongozwa na Mtanzania, Jenerali Mwakibolwa, M23 ikakimbia, na hapa Goma hakuna aliyelalamika eti uhuru wa nchi umeibiwa. Mwenye njaa hachagui mpishi.

Jibu: Ndugu, 2013 ni kweli, lakini usikate habari katikati. Azimio 2098 la Baraza la Usalama liliandika wazi kwamba brigedi ishambulie vikundi vya silaha, na mbele kabisa walikuwa FARDC, jeshi letu la Kongo, kolonel Mamadou Ndala wetu, kila mtu hapa alimujua. Mimi sikatai kamanda awe Mtanzania ao Mkenya. Nataka kabla ndege yao haijatua, bunge lisome karatasi: watashambulia ao watasimama tu barabarani, na ofisa wetu aketi pale amri zinatolewa. EAC waliondoka desemba 2023, askari wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakaingia mwezi uleule, januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23 wakiwa hapahapa. Sasa uniambie, kamanda wa kigeni akikataa kusonga mbele, nani kwetu ana nguvu ya kumuondoa?