Naomba ushauri: mwanangu ana miaka 8, kilo 46

Habari zenu wapendwa. Kliniki wameniambia uzito wa mwanangu umezidi sana, apunguze sukari na acheze angalau dakika 60 kila siku. Acheze wapi? Tunaishi Sinza, ghorofa ya tatu, na kiwanja walichokuwa wanachezea watoto kimejengwa fremu za maduka. Gari la shule linamchukua saa 11 alfajiri, jioni anarudi hoi, anaishia kwenye katuni. Mimi natoka kazini usiku, dada anamkaangia chipsi.

Soda nimeacha kununua, ila bibi yake humpa kwa siri. Anasema namkondesha mtoto aliyenawiri. Ni mama mkwe wangu, sitaki kumvunjia heshima. Shuleni wanamwita bonge, jana kalia kagoma kwenda. Iliniuma sana.

Mliopitia haya mlianzia wapi, na wazee mliwaelezaje?