Mtoto kushikwa na degedege usiku: tupeane uzoefu

Mama Pacha: Jana saa nane usiku jirani kagonga mlango, mtoto mkononi, macho yamegeuka, mwili umekakamaa. Yangu ya 2019 yakanirudia yote. Waliopitia, mwageni hapa.

Kandambili: Hii kitu isikie kwa mwenzio.

Binti Pangani: Wangu alikuwa na mwaka na miezi minne. Mchana homa ya hapa na pale, nikasema meno hayo. Usiku nashtuka kitanda kinatikisika. Mtoto anarusha mikono, povu linamtoka, midomo kama kala zambarau. Mama mkwe katoka na kijiko cha chuma, anamtanua meno asijing'ate ulimi. Shangazi mtu naye kashawasha mavi ya tembo kwenye chetezo, chumba kizima moshi, eti "kapitiwa na ndege mbaya huyo, akichomwa sindano humpati tena."

Jamani, mimi mgeni kwenye ile nyumba, sauti ya kubishana nao ningeitoa wapi? Nikasema nampeleka uani apate hewa. Nikapita mlango wa nyuma, peku, kanga moja, hadi kijiweni kwa bodaboda. Tunafika zahanati keshatulia, kalegea kama kitambaa. Wakamtoboa kidole, kipimo kile cha haraka, mistari miwili. Malaria. Wakamchoma sindano, ileile shangazi aliyosema itaniulia mtoto, wakatupa rufaa ya hospitali ya wilaya. Kulipokucha ndipo nikaona jino la mbele limemeguka pembe. Kijiko hicho.

Shombe: Nimesoma huku nimeshika kifua.

Mzee wa Kijiwe: Mnadharau mavi ya tembo. Mimi nilifukizwa na leo nina watoto sita.

Nesi Mstaafu: Baba, degedege la homa mara nyingi hukoma lenyewe ndani ya dakika chache. Ungefukizwa mavi ya kuku, kuku ndiye angesifiwa.

Mzee wa Kijiwe: Mavi ya kuku hayana kazi hiyo, usinifundishe.

Mtoto wa Mjomba: Mimi naambiwa mjomba alinikojolea usoni nikazinduka. Mpaka leo ananidai.

Kandambili: 😂😂 Mlipe mzee wa watu.

Shombe: Mimi huwa namwagia maji ya baridi kabisa, homa inakimbia.

Mama Pacha: Weee! Mimi nilikatazwa, mtoto anaishia kutetemeka tu. Mvue nguo nzito, basi.

Mtoto wa Mjomba: Na bibi yangu anafunika blanketi mbili. Tushike lipi?

Nesi Mstaafu: Shikeni hili. Mlaze ubavu, sogeza vitu vigumu, legeza nguo shingoni. Mdomoni usitie kitu, si kijiko, si maji, si dawa. Usimkandamize. Tazama saa: likipita dakika tano, likijirudia, au likiisha na mtoto hazinduki, usingoje kukuche. Na hata likikoma lenyewe apelekwe akapimwe, maana malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo huleta degedege. La homa tupu huwapata wa miezi sita hadi miaka mitano. Wako ana miaka tisa, au anaanguka bila homa? Huyo achunguzwe kifafa, wala asifichwe ndani.

Mzee wa Kijiwe: Saa nane usiku nani ana akili ya kutazama saa?

Nesi Mstaafu: Aliyepata nafasi ya kuwasha chetezo.

Kandambili: Binti Pangani, mama mkwe alisemaje?

Binti Pangani: Alikuja wodini asubuhi na uji kwenye chupa. Hakusema neno. Akamnywesha mtoto kwa kikombe.

Shombe: Mama Pacha, jirani wa jana vipi?

Mama Pacha: Wamelazwa. Mtoto kaanza kulilia ziwa alfajiri. Nawapelekea chai sasa hivi.