Leseni ya udereva imekataliwa Marekani, I-94 inasema D/S: nani ameshapita hapa?

Neema, Jumatano usiku

Shikamooni wakubwa, wengine habari za siku. Naomba msaada, na ni wa haraka. Niko mwaka wa pili wa felo (mafunzo baada ya PhD) ya maikrobiolojia ya kitabibu na afya ya jamii, iliyoidhinishwa na kamati ya CPEP, kwa J-1 ya mtafiti, yaani viza ya programu za kubadilishana. DS-2019 (hati ya programu) ya kwanza iliisha mwezi uliopita, mpya ilitoka mapema, haina tatizo. Ila leseni yangu ya udereva iliandikwa tarehe ya ile ya zamani, ikafa nayo siku moja.

Leo nimekwenda ofisi ya leseni na pasi, DS zote mbili, I-94 (rekodi ya kuingia nchini) na barua ya hospitali. Mama wa dirishani akaishika I-94, akaigeuza nyuma, akaniuliza: "Tarehe ya mwisho iko wapi?" Imeandikwa D/S. Nikamweleza kwamba maana yake ni kwa muda wote programu yangu iko hai. Akasema D/S si tarehe. Kisha akaweka kidole kwenye viza: "Na hii imeisha Machi." Nimerudi na karatasi inayosema nisubiri uhakiki. Mpaka lini, haisemi.

Jumamosi ni zamu yangu. Saa kumi na mbili asubuhi natakiwa niwe nimeshaanza kusoma pleti za kuoteshea vijidudu, na basi la kwanza huku kwetu linapita saa mbili kasoro robo. Swali ni moja: aliyepita dirisha la namna hiyo na I-94 ya D/S aliwaambia nini wakamwelewa?

Baba Ayubu, Texas

Marahaba mwanangu, pole sana. Yalinikuta 2011, wakati huo niko F-1, viza ya mwanafunzi. Nilirudi kesho yake, nikapanga foleni ya dirisha jingine, kijana akanipa bila neno. Jaribu hivyo. Na hiyo viza ihuishe kwanza, isikuletee shida.

Wanjiru, Boston

Baba Ayubu, kwa heshima yote, usimpotoshe. Viza ni ya kuingilia tu. Ukishaingia, kinachokuweka ndani ni I-94 na DS-2019. Viza haihuishwi ukiwa hapa, ni mpaka atoke aende ubalozini, na kwa hali ya sasa simshauri mtu yeyote atoke. Ndugu zetu wa Burundi wamefungiwa viza za J tangu Juni 2025.

Neema, uliza RO wako (afisa wa programu ya J-1) kama nyongeza ya muda imeingia SEVIS, mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi na watafiti wageni. Ofisi za leseni huuliza SAVE, mfumo wa serikali wa kuhakiki hadhi ya uhamiaji, na SAVE isipopata jibu papo hapo, kesi huenda hatua ya pili ambayo mtu ndiye huangalia. Hapo ndipo siku hupotea. Halafu, nisamehe kwa kutoka nje ya swali: umeangalia pembe ya chini kushoto ya DS-2019? Kama umewekewa 212(e), sharti la kurudi kwenu, ni miaka miwili nyumbani kabla ya H-1B (viza ya kazi) au kadi ya kijani. Mimi niligundua baada ya kupewa kazi. Nikajaza DS-3035, fomu ya kuomba msamaha wa sharti hilo, nikaomba ubalozi barua ya kutokuwa na pingamizi, nikangoja miezi.

Baba Ayubu

Sijampotosha mtu, nimesema yaliyonikuta. Na huo msamaha si kila mtu anaupata kwa barua ya ubalozi. Madaktari wanaofundishwa kutibu wagonjwa, barua hiyo haiwasaidii.

Wanjiru

Neema hatibu wagonjwa, Baba. Ana PhD na yuko maabara.

Salma, Stockholm

Jamani, kumbe kila mahali ni mlango na kufuli lake. Huku tuna EUPHEM, felo ya maikrobiolojia ya ECDC (kituo cha Ulaya cha kudhibiti magonjwa), miaka miwili vilevile, upande wa afya ya jamii zaidi kuliko hospitali. Nilikuwa na kila sifa isipokuwa moja: wanataka raia wa nchi za Umoja wa Ulaya au EEA (Eneo la Uchumi la Ulaya). Nikangoja uraia wa Sweden. Sweden wala hawakunidai pasi yangu. Sheria ya kwetu ndiyo inayosema ukichukua wa pili, wa kwanza umekwisha. Siku nilipoirudisha ile pasi ubalozini nilikaa kwenye gari nusu saa sijawasha injini. Jina langu, picha yangu nina miaka 24, mhuri wa kwanza wa uwanja wa Dar.

Wanjiru

Pole dada. Sisi Katiba ya 2010 ilituondolea hilo. Sielewi kwa nini Tanzania inawaogopa watoto wake.

Baba Ayubu

Hilo msituanzishie. Wakenya mna uraia pacha na bado mko Boston. Ila Salma, nakubaliana nawe. Hadhi maalumu ya diaspora wanayotuletea Tanzania si uraia, mimi nataka kuzikwa kwetu nikiwa raia. Neema, ushauri wa mzazi: maliza, fanya mtihani wa ABMM, bodi ya Marekani ya maikrobiolojia ya kitabibu, ubaki. Kwa CLIA, sheria ya maabara za huku, mwenye PhD hawi mkurugenzi wa maabara ya vipimo changamano bila cheti cha bodi. Ukikipata, umeshika mpini.

Neema, Ijumaa

Asanteni. Baba, nimekusikia, lakini niwaambie kwa nini nataka kurudi. Mwezi uliopita chupa ya damu ya mgonjwa iliita kwenye mashine ya kuoteshea siku ya tatu. Kwenye hadubini, kwa rangi ya Gramu, nikaona vijidudu vidogo mno, vimepauka, kama mchanga mwembamba. Mashine ya kutambua vijidudu ikatoa jina Ochrobactrum, lakini nilishuku Brucella, bakteria wa mifugo anayefanana naye. Nikasema pleti ifungwe na iingie kwenye kabati la usalama, nikampigia daktari: muulize kuhusu maziwa. Alikuwa ametoka kijijini kwao, alikunywa maziwa mabichi. Maabara ya jimbo ikathibitisha Brucella. Wenzangu wawili waliokuwa wameifungua mezani walimeza dawa za kinga wiki 3.

Sikulijua hilo kwa sababu ya felo peke yake. Nimekulia kwenye nyumba yenye ng'ombe. Na nyumbani homa kama hiyo inaitwa malaria mpaka mgonjwa achoke. Kagera wamepata Marburg mara mbili, 2023 na 2025. Niliyojifunza huku nataka yafanye kazi kule.

Wanjiru, RO amejibu: SEVIS iko sawa. Ofisi ya leseni bado, simu inaita tu.

Mama Happy

Neema mwanangu, nakaa dakika ishirini kutoka kwako. Kesho saa kumi na moja na nusu niko mlangoni, uwe umeshavaa, nje kuna barafu. Jioni nitakurudisha, na unga wa dona umepatikana.

Salma

Ni duka gani hilo? Huku kwetu hakuna kabisa.