Pesa ya umma iingie kwenye enzaimu za kurekebisha jeni, ama tuwaachie wazungu?

Jana barazani Kibokoni kulizuka ubishi, mzee wetu mmoja akasema serikali isitoe hata shilingi kwa mambo ya kuchezea jeni, watoto wa sikoseli wapewe dawa na damu, basi. Kwa dawa niko naye, haidroksiurea, dawa inayopunguza maumivu ya sikoseli, ikikosekana hakuna maabara ya kuongelea. Hiyo "basi" ndiyo imenikosesha usingizi, manake mpwa wangu anao huo ugonjwa na usiku wa maumivu naujua.

Skizeni. Sikoseli ni herufi moja ya DNA iliyogeuka, A ikawa T. Enzaimu ya Cas9 ya kawaida, yaani ule mkasi wa kukata DNA, haitui popote tu, lazima ikute herufi mbili za G zimefuatana hapo pembeni, zisipokuwa mahali panapofaa haikusaidii hata uwe na mabilioni. Ndio maana kundi la David Liu kule Marekani likaibadilisha hiyo enzaimu mpaka ikakubali kutua penye herufi ya sikoseli, na 2021 wakaonyesha, kwenye seli za wagonjwa na kwa panya, kwamba yaweza kugeuzwa ikatoa himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya aina iitwayo Makassar, isiyoleta maradhi. Casgevy, tiba ya sikoseli ya kurekebisha jeni iliyopitishwa 2023, haigusi herufi hiyo, yaamsha himoglobini ya mtoto aliye tumboni, na Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Wale mwasema ni kuingilia uumbaji, hizi ni seli za damu za mgonjwa mwenyewe, hazirithiwi na wanawe.

Hofu yangu mimi ni nyingine kabisa. Wataalamu waligundua kuna herufi inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, ambayo yazaa zile G mbili mahali pasipotakiwa, na maabara wakaona mwongozo ule ule wa Casgevy, yaani kipande cha RNA kinachoielekeza enzaimu pa kukata, ukiipeleka enzaimu ikakata hapo pia. Sasa enzaimu zinavyozidi kupanuliwa zitue karibu kila mahali, kama SpRY ya 2020, na mahali pa kukosea panaongezeka, na ramani nyingi za DNA wanazopimia ni za watu wa Ulaya.

Naomba maabara moja tu hapa Pwani, na vijana wetu wasomeshwe kupima enzaimu hizi kwenye damu yetu kabla hazijaletwa. Anayeona pesa hiyo heri inunue dawa aseme, na aseme pia kazi hiyo ya kupima tumuachie nani.