Deraya za nusu-mnyororo: M3 ya Marekani na Sd.Kfz. 251 ya Ujerumani

Swali: Wakuu, deraya hizi mbili za Vita vya Pili vya Dunia zote zina matairi mbele na minyororo nyuma. Kwa nini M3 inasifiwa kwa wepesi wa matengenezo?

Jibu 1: Anza na mnyororo wenyewe. Wa M3 ni mkanda mmoja wa mpira uliofinyangwa juu ya nyaya za chuma, wazo la mhandisi Kégresse wa Ufaransa. Hauna pini wala beringi za kupaka grisi. Ubaya wake, ukichanika hubadilishi kipande, unavua wote. Wa Mjerumani una vipande vya chuma, kila kiungo kina beringi za sindano (vijiti vyembamba vya chuma vinavyozunguka) na grisi yake. Unazunguka kwa wepesi mno, ila sili (kizuizi cha grisi) ikivuja mchanga unaingia na pini inalika.

Jibu 2: Mkuu, usisahau magurudumu. Ya 251 yamepishana, kwa hiyo ukitaka la ndani lazima ufungue ya nje kwanza. Matope ya Urusi yakiganda katikati usiku, asubuhi gari halisogei.

Jibu 3: Na ekseli ya mbele! Ya M3 inavuta, ya 251 inaongoza tu. Kwenye 251, ukikata usukani sana, breki inapunguza mwendo wa mnyororo wa upande wa ndani. Injini nayo: M3 ina ya kampuni ya White, nguvu za farasi 147, dhidi ya Maybach ya 251 yenye 100. Ila bamba za ubavuni za M3 zina unene wa milimita 6 na ushee tu, na zimesimama wima. Za Mjerumani zimeinamishwa, na hapo namsifu.